Kabla ya kununua 4WD ndogo, jua itafanya nini tairi likiwa hewani

Swali ninaloulizwa mara nyingi ni hili: "Kaka, nina shamba huko milimani, barabara ni mbovu, nichukue RAV4, X-Trail, Forester au Escudo?" Nami huuliza kwanza: mbovu kivipi? Utelezi ni jambo moja, makorongo ni jambo jingine, na magari haya madogo ya 4WD, yaani yanayosukumwa na matairi yote manne, yanaachana sana kulingana na kinachokusubiri njiani. Kwenye yadi yote yanaitwa 4WD na yote yanang'aa. Yapeleke kwenye mtaro uliochimbwa na mvua ndipo utajua lipi ni lipi.

Kazi yangu hunipeleka Milima ya Usambara, upande wa Mlalo na Mtae, na mara nyingine kaskazini, kutoka Mto wa Mbu kupitia Engaruka hadi Ngare Sero, karibu na Ziwa Natron. Huko nimeyaendesha haya yote, mengine ya ofisini, mengine ya kuazima kwa marafiki, masika na kiangazi. Ninachoamini ni kwamba ukubwa wa injini ni kitu cha mwisho kuangalia. Cha kwanza ni hiki: tairi moja likiacha kukanyaga ardhi, gari lina njia gani ya kuendelea?

Chukua kilima kimoja cha Usambara baada ya mvua. Maji yamechimba upande wa kushoto, na mita mbili mbele yakahamia kulia. Gari likiingia hapo, tairi la mbele kushoto linaning'inia juu ya shimo, na la nyuma kulia nalo linaning'inia. Uzito wote uko kwenye mawili yaliyobaki. Difu ya kawaida hugawa nguvu sawa kwa matairi mawili ya ekseli moja. Linaloning'inia halina kinacholipinga, nguvu ya kulizungusha ni ndogo mno, na lenzake lililokanyaga hupata hiyo hiyo ndogo. Unakanyaga mafuta, matairi mawili yanazunguka hewani, gari halisogei. Na hapa ndipo watu wengi hushangaa: kifungo cha LOCK hakikutoi hapo. LOCK hufunga mbele na nyuma ziende pamoja, haifungi kushoto na kulia. Kila ekseli ina tairi moja hewani, kwa hiyo umeunganisha ekseli mbili ambazo zote zimekwama.

Kuna njia tatu za kutoka. Ya kwanza, springi na ekseli ziwe na uwezo wa kushusha tairi hadi lifike chini, lisielee kabisa. Ya pili, gari lenyewe lishike breki tairi linalozunguka ovyo, ili nguvu ihamie upande wa pili. Ya tatu, uwe na gia nzito, ile iliyoandikwa 4L, ukanyage polepole na kwa uhakika bila kulirusha gari. Haya magari tuyapime kwa hayo matatu.

Suzuki Jimny, hasa hii iliyotoka Japani mwaka 2018, inayo yote. Iko juu ya chesisi yake, ekseli za mbele na nyuma ni za kipande kimoja, kwa hiyo tairi moja likisukumwa juu, lenzake husukumwa chini kwenda kutafuta ardhi. Ina lever ya 2H (matairi mawili), 4H (yote manne, mwendo wa kawaida) na 4L, na ina mfumo wa kushika breki tairi linaloteleza. Kutoka chini hadi kwenye difu ni milimita 210, na pua yake inaingia kwenye mwinuko wa nyuzi 37 bila bampa kugusa. Nyuma ni nyuzi 49. Kwa magari ya ukubwa huu hizo ni namba za juu sana. Kuna jambo lingine ambalo halisemwi sana: kwa ekseli ya kipande kimoja, urefu wa difu kutoka ardhini haupungui ukipakia mizigo. RAV4 au Forester ukiweka watu watano na gunia mbili za viazi, tumbo linashuka, na zile milimita ulizosoma kwenye matangazo hazipo tena. Lakini Jimny ya milango mitatu ni ndogo kweli. Viti vya nyuma vikikaliwa, mahali pa mizigo panatosha begi tu. Kwa mtu mmoja au wawili wanaokwenda kazini, hakuna la kuishinda. Kwa baba mwenye watoto watatu, hapana. Ile ya milango mitano iliyoonyeshwa India mwaka 2023 inasaidia kidogo upande huo.

Gari ninalolipendekeza zaidi kwa familia ni Suzuki Escudo ya mwaka 2005 na kuendelea, ile ambayo nje ya Japani inaitwa Grand Vitara. Wengi huipita kwa sababu inakunywa mafuta, na ni kweli inakunywa. Ila tazama swichi yake pale kwenye dashibodi: 4H, 4H LOCK, 4L LOCK. Hiyo 4L inapunguza mwendo karibu nusu, na kwa mtu anayeshuka mlima wenye kokoto huku upande mmoja ni bonde, hicho kitu kina thamani kuliko viti vya ngozi. Kila tairi lina springi yake na mkono wake, kwa hiyo linanyanyuka mapema kuliko la Jimny. Kwenye ile mitaro inayopishana utaliona tairi la nyuma liko juu kabisa. Hapo usipige resi. Weka 4L LOCK, gia ya kwanza, vuta hendibreki kidogo tu. Breki ikilishika lile tairi la nyuma linalozunguka bure, difu inapata kitu cha kusukumana nacho, na nguvu inafika kwenye lile lililokanyaga. Gari linatambaa likatoka. Zile zenye ESP, mfumo wa umeme wa kuzuia gari kuteleza, hufanya kazi hiyo zenyewe kwa breki za matairi.

Tahadhari moja kwa anayefuata jina: Escudo iliyotoka 2015 ni gari jingine kabisa. Imebaki na jina, haina 4L. Ndivyo ilivyo hata kwa Grand Vitara mpya ya India ya 2022. Ni magari mazuri ya lami na vumbi. Ukimwambia muuzaji "nataka Escudo" bila kutaja mwaka, hujasema kitu. Na hata kwenye zile za 2005, zile fupi za milango mitatu, angalia swichi kwanza, kwa sababu si zote zilizowekewa 4L.

RAV4 ndiyo imejaa mitaani, na kwa sababu nzuri: vipuri vipo kila mahali na kila fundi anaijua. Ya kizazi cha pili, iliyoanza 2000, ile ambayo wengi huiita Kilitime, huendesha matairi yote manne muda wote. Kati ya mbele na nyuma ina kishikizo chenye mafuta mazito ambayo hukaza pale ekseli moja inapozunguka kuliko nyingine. Ya kizazi cha tatu, iliyoanza mwishoni mwa 2005, huendesha mbele na kuita nyuma kwa umeme ikihitaji, na ina kifungo cha LOCK ambacho hujiachia ukivuka kilomita 40 kwa saa. Kwa utelezi, kwa nyasi zenye umande, kwa barabara ya udongo mwekundu iliyonyeshewa lakini bado ina umbo lake, RAV4 inatosha na wala huhitaji zaidi. Kwenye makorongo ndipo inapoishiwa. Haina gia nzito, na katikati ya matairi ya mbele na ya nyuma tumbo lake linagusa mapema.

X-Trail nayo ni ndugu yake kwa mpangilio: 2WD, AUTO na LOCK. Kinachonipendeza ni kwamba LOCK yake inakaza vizuri unapoondoka sehemu yenye matope. Ya kuanzia 2007 nyingi zina pia kifaa cha kushuka mlima chenyewe kwa breki.

Forester ya Subaru inahitaji maelezo, kwa sababu watu wawili wanaweza kuiendesha kwenye kilima kimoja na kila mmoja akarudi na habari yake. Ile iliyotoka mwishoni mwa 2012 ina kifungo cha X-Mode, cha kusaidia matairi kushika kwenye njia mbovu, na milimita 220 kutoka chini, kubwa kuliko Jimny kwa karatasi. Injini yake imelala chini, gari limetulia, na mgawanyo wa nguvu kwa matairi manne ni wa kudumu. Udhaifu wake ni pua: imetangulia mbele sana ya matairi, na kwenye mtaro wenye ukingo mkali bampa ndiyo hufika kwanza. Uingie kimshazari, tairi moja moja. Sasa hili la dereva. Tairi likielea, mfumo unaanza kulishika breki, na unasikia mlio chini ya miguu, krrr, krrr, gari linatetemeka. Dereva asiyeuzoea anaachia mafuta hapo hapo akidhani kuna kitu kimevunjika. Gari linarudi shimoni, anasema Subaru haiwezi. Mwenzake anabakiza mguu pale pale, mafuta kidogo, bila kuongeza wala kupunguza, anahesabu moyoni sekunde mbili tatu, na lile tairi lenye ardhi linashika. Ndivyo ilivyo hata kwa X-Trail na RAV4 zenye mfumo wa namna hiyo. Umeme unahitaji muda kidogo na mguu uliotulia.

Toyota Rush ya 2006, ambayo ni moja na Daihatsu Be-go, inasahaulika bure. Ina kifungo cha kufunga difu ya kati, ile inayogawa nguvu kati ya mbele na nyuma, na ina ekseli ya nyuma ya kipande kimoja. Hakikisha tu ni ya 4WD, kwa sababu nyingi ni za matairi mawili, na Rush mpya ya 2018 huendesha nyuma peke yake.

Nimezungumza milima tu. Ukiwa kwenye udongo mweusi wa mbuga, ule wa Simanjiro au wa nyanda za Mara, mambo yanabadilika. Udongo ule ukilowa unavimba na kunata, unajaza meno yote ya tairi mpaka linakuwa laini. Hapo tofauti ya Escudo na RAV4 inapungua sana, na kinachohesabika ni wepesi wa gari, wembamba wa tairi na meno yake. Jimny ina kilo 1,100 hivi na matairi membamba, inapita pale ambapo magari mazito yanachimba kaburi lao. Matairi ya lami yaliyokuja na gari kutoka Japani hayafai hapo. Afadhali RAV4 yenye matairi ya meno kuliko Escudo yenye matairi ya lami.

Kule Engaruka na Ngare Sero ni mchanga na vumbi la majivu ya volkano. Shusha upepo wa matairi kutoka PSI 32 hadi 20 hivi, tairi litalala na kupanuka, na gari litapita juu badala ya kuzama. Beba pampu ndogo ya kuchomeka kwenye soketi ya sigara ili urudishe upepo kabla ya kukimbia tena. Mchanga mrefu huchemsha vile vishikizo vya umeme vinavyoita matairi ya nyuma, na giaboksi za CVT, zile za mkanda zisizo na gia za hatua. Nimewahi kukaa na gari moja la namna hiyo juani baada ya 4WD kujizima yenyewe kwa joto, tukisubiri ipoe, huku Escudo tuliyofuatana nayo ikiwa imeshavuka korongo. Ukiona taa ya onyo ya 4WD, simama sehemu ngumu, acha injini ikiunguruma, pumzika. Na makorongo ya huko yana maji yanayotoka mbali. Mbingu inaweza kuwa nyeupe ulipo, na maji yakaja. Vuka kwa miguu kwanza. Yakipita nusu ya tairi, ngoja yapungue, kwa sababu injini ikivuta maji ndani, koni, vile vyuma vinavyoshika pistoni, zinapinda na hakuna gari kati ya haya litakalopona.

Kabla hujalipa, lala chini ya gari na tochi. Nyingi zilizokwisha tumika hapa nchini zimetolewa propela shafti, ile inayokwenda nyuma, kwa sababu mwenye nalo aliambiwa atapunguza mafuta au kishikizo kilianza kulia. Gari linabaki limeandikwa 4WD na halina. Fuata kwa macho chuma kutoka kwenye giaboksi hadi difu ya nyuma. Halafu soma saizi kwenye matairi yote manne. Zikitofautiana, au mawili yakiwa mapya na mawili yamekwisha, vishikizo vimekuwa vikisagana tangu siku yalipofungwa. Kwa Escudo, mwombe muuzaji aweke N, kisha 4L LOCK huku gari limesimama, na uone taa ikiwaka na kutulia bila kupepesa.

Mwisho fungua buti, utafute ndoano ya kuvutia. Kwenye RAV4 na Forester za siku hizi ni chuma cha kuskrubu kwenye bampa, huwekwa pamoja na jeki, na kwenye magari ya mtumba mara nyingi hakipo. Kitafute kabla ya kwenda Mtae. Kamba ikifungwa kwenye mkono wa springi, unatoka shimoni na kuanza safari ya gereji.