Kwa Mkapa na Shamba la Bibi si uwanja mmoja

Kaka, umeuliza kama Kwa Mkapa, yaani Uwanja wa Benjamin Mkapa wa Dar es Salaam, ndio Shamba la Bibi. Hapana. Ni viwanja viwili vilivyopakana pale Temeke. Shamba la Bibi ni Uwanja wa Uhuru, ule mkongwe, ambako bendera ya Tanganyika ilipandishwa usiku wa kuamkia 9 Desemba 1961. Kwa Mkapa ni huu mkubwa, wa watu 60,000, umejengwa kwa msaada wa China na kufunguliwa 2007. Ukaitwa Taifa mpaka 2020, alipofariki Mzee Mkapa, rais wa zamani ambaye ulianza kujengwa enzi zake, ukapewa jina lake. Wazee wa kwetu bado wanasema "Taifa", na watangazaji wakinogewa wanauita Lupaso, kijijini kwake.

Ile "Kwa Mkapa hatoki mtu" ni tambo za Simba kwa wageni kutoka nje. Waarabu wa Al Ahly ya Misri walitoka na sare ya 2-2 Oktoba 2023, kwa hiyo usiwabishie sana watani wao Yanga wakicheka.

Ukitaka kuuelewa, shuka kituo cha Uhasibu saa nne asubuhi siku ya dabi ya Simba na Yanga: mihogo ya kukaanga, vuvuzela, na mke na mume wanaagana getini, mmoja jezi nyekundu, mwingine njano.