Nani ana ufunguo wa orodha?

Mhariri, mmeuliza kama mkazi wa Dodoma akubali programu ya simu inayoweka kumbukumbu ya watu aliokaribiana nao, ili mlipuko ukizuka waliotangamana na mgonjwa wapatikane upesi. Mimi nitakubali au nitakataa kwa kuangalia nani anaweza kuisoma orodha hiyo.

Kuambiwa "taarifa zinabaki simuni mwako" hakutoshi. TraceTogether, programu ya aina hii iliyotumika Singapore wakati wa korona, ilizihifadhi simuni pia, lakini mtumiaji alisajiliwa kwa namba ya simu na ufunguo wa kusoma kumbukumbu ulikuwa serikalini. Januari 2021 serikali ikakiri kuwa polisi nao wanaweza kuzitumia katika upelelezi, ilhali watu walikuwa wameambiwa ni za kufuatilia virusi tu. Mfumo wa Apple na Google wa 2020 ulikwenda njia nyingine: simu zilirusha kwa Bluetooth namba za kubahatisha zilizobadilika kila dakika 10 hadi 20. Mgonjwa akiridhia, funguo zilizotengeneza namba zake za siku 14 zilipelekwa kwenye seva, na simu za wengine zilizipakua na kuzilinganisha zenyewe na namba zilizokuwa zimezinasa. Seva haikujua nani alikaa na nani.

Hapa kwetu laini husajiliwa kwa alama za vidole na namba ya NIDA. Anayesema "tunachukua namba ya simu tu, jina hatulitaki" jina ameshalipata.

Ukishaipakua, ingia Mipangilio, Programu, kisha Ruhusa. Ikitaka majina uliyohifadhi, SMS au maikrofoni, iondoe. Kazi hii haihitaji hata kimoja. Ruhusa ya mahali isikutishe haraka: Android 6 hadi 11 huidai kwa programu yoyote inayosaka vifaa vya Bluetooth. Kuanzia Android 12 kuna ruhusa ya vifaa vilivyo karibu, kwa hiyo hapo kisingizio hicho hakipo. Uliza pia kumbukumbu zinafutwa lini, na ujibiwe kwa maandishi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inazihesabu taarifa za afya kuwa nyeti.

Halafu kuna usahihi. Bluetooth hukisia umbali kwa nguvu ya mawimbi. Ndani ya Hiace bati huyarudisha, makadirio yakayumba. Soko la Majengo, ubao kati ya vibanda viwili hauyazuii, na wauzaji wasioonana wataandikwa wamekaribiana. Mwenye kitochi hayumo kabisa. Huyo bado atatafutwa kwa miguu na mhudumu wa afya ngazi ya jamii.