Saini Ni Yako, Siyo ya Mkuu wa Shule

Juzi usiku nimepokea ujumbe kutoka kwa mwalimu kijana, ajira mpya, yuko sekondari moja huko pembezoni. Shule yao inajenga bweni kwa fosi akaunti, yaani bila mkandarasi, yeye kateuliwa mjumbe wa kamati ya mapokezi ya vifaa, na vifaa vilivyoshushwa havilingani na vilivyoandikwa. Wenzake wote wameshasaini. Imebaki saini yake. Ameandika: "Madam, nisaini au nisisaini? Naogopa."

Nilimjibu kwa kifupi palepale kwa sababu fomu ilikuwa inasubiriwa asubuhi. Jibu refu ndilo hili. Naliweka hadharani kwa kuwa wengi mnaonisoma ni watumishi wenzangu, na najua tunachotafuta ni kilekile: kupanda daraja, kuezeka kibanda chetu, kusomesha watoto, na siku ya kustaafu tuagwe bila watu kukonyezana.

Mimi ni mwalimu wa fizikia. Mwishoni mwa 2021, kama mnakumbuka, nchi nzima ilikuwa inajenga. Ule mkopo wa IMF, Shirika la Fedha la Kimataifa, wa shilingi trilioni 1.3 ulikuwa umeingia, yakatangazwa madarasa 15,000, kila darasa milioni 20, na agizo likawa moja tu: yakamilike kabla mwaka haujaisha ili kidato cha kwanza wa Januari 2022 waingie wote kwa mkupuo. Shule niliyokuwepo nayo ikapata mgawo wake. Kwa wasioijua fosi akaunti, hakuna mkandarasi. Shule yenyewe inanunua vifaa na kutafuta fundi wa hapohapo, na usimamizi unaangukia kamati tatu: ya ujenzi, ya manunuzi na ya mapokezi. Wajumbe ni walimu na wananchi. Yaani mtu kasomea kufundisha historia, asubuhi anajikuta amesimama juani anahesabu mifuko ya saruji.

Mimi nikawekwa mapokezi.

Nondo zilifika jioni, magharibi inaingia, kwenye Fuso. Vijana wa mzabuni wakazishusha haraka haraka, mmoja ananiita "mama" kila baada ya neno. Kwenye BOQ ya mhandisi, ile orodha ya vifaa na vipimo vyake, nondo za nguzo na lenta zilikuwa za milimita 12. Nikashika moja. Ukizoea vipimo mkono unakuwa na akili zake. Nikaona hii siyo. Nikaenda maabara nikachukua kalipa, ileile ya vernia tunayowafundishia watoto wa kidato cha kwanza kupima kipenyo. Ikasoma kumi na ushee. Kijana akasema, "Mama, nondo ina mbavu, hicho kifaa kinadanganya." Kwenye mbavu hakukosea, kalipa kwenye nondo huweza kubabaisha. Basi kesho yake mapema nikaazima mizani kwa mnunuzi wa mahindi pale senta. Nondo ya milimita 12 yenye urefu wa mita 12 inatakiwa kuwa na uzito wa kilo 10 na nusu na kitu kidogo. Tuliyoitundika haikufika hata kilo nane. Nikatundika nyingine, na nyingine. Uzito uleule.

Mtu asiyehesabu ataona milimita mbili ni kitu gani. Lakini nguvu ya nondo iko kwenye unene mzima wa chuma, siyo kwenye upana wa kuutazama. Kumi gawanya kwa kumi na mbili, jibu lizidishe kwa lenyewe: unapata asilimia 69. Maana yake karibu theluthi ya chuma tulichokilipia kilibaki dukani, na juu ya kichwa cha mtoto wa mtu kungekuwa na lenta iliyokonda.

Nilimweleza mkuu wa shule haya yote, na daftari mkononi. Akanisikiliza vizuri, halafu akasema: "Madam, hapa hatujengi ghorofa."

Sentensi hiyo sitaisahau, kwa sababu hakuisema kwa ukali. Aliisema kwa upole, kama mtu anayemsaidia mdogo wake. Na hapo ndipo ninapotaka wewe kijana unielewe. Watu wanadhani kinachotunyamazisha maofisini ni vitisho. Mimi hakuna aliyenitisha. Waliniandalia chai. Siku ya kikao cha kusaini kulikuwa na chai ya maziwa na chapati, na mwenyekiti wa kamati, mzee wa heshima zake pale kijijini, alinivutia kiti mwenyewe. Fomu ikazunguka. Kila mtu anasaini na kuisogeza kwa jirani yake kwa kidole kimoja, huku mkono mwingine umeshika chapati. Ilipofika kwangu mazungumzo hayakusimama, waliendelea kuongelea mvua. Walikuwa na uhakika.

Nilichokiogopa pale siyo kufukuzwa kazi. Nilikiogopa kile kiti nilichovutiwa. Niliogopa kuonekana sina adabu mbele ya mzee, kwamba mwanamke mmoja, tena mgeni wa kuja, anajifanya anajua kuliko wote. Tumelelewa hivyo. Mkubwa hakosolewi mbele za watu, chakula cha watu hakitukanwi, na jambo lililokwisha wengine wakaridhia halifukuliwi. Ni malezi mazuri, mimi wanangu nawalea hivyohivyo. Ila wezi wa mali ya umma nao wamelelewa humohumo na wanajua wapi pa kushika. Mtu anakuibia huku amekuweka mahali ambapo ukipiga kelele wewe ndiye mkosa adabu.

Niliandika chini ya jina langu: "Nondo zilizopokelewa zina uzito wa nondo za mm 10 badala ya mm 12. Sijazikubali." Nikasaini na tarehe. Mwandiko ule ukiuona utadhani nimeandikia kwenye daladala inayopita kwenye mashimo, maana mkono ulikuwa unacheza. Halafu nikatoa simu nikaipiga picha ile fomu. Kupiga picha ndiko kulikowaudhi kuliko maandishi. Mwenyekiti alisema kwa sauti ya chini kabisa, "Sasa binti yangu, picha ya nini?" Nikamwambia ni kumbukumbu yangu, mzee wangu, shikamoo yake ikabaki palepale. Chapati yangu nikaila. Nilikuwa na njaa.

Nilimpigia mama yangu jioni ile. Mama kasema neno moja: "Mwanangu, mkono usioweza kuukata, ubusu." Rafiki yangu wa pale shuleni, tuliyekuwa tukipika pamoja, naye mjumbe, naye kasaini, akanipa ya kwake: kunguru mwoga hukimbiza ubawa wake. Nimeifikiria sana methali hiyo tangu siku ile. Ni kweli kabisa, kunguru yule ubawa wake ulipona. Tunaoisema hatumalizii kuuliza aliyeachwa nyuma alikuwa nani. Katika habari yetu walioachwa ni wanafunzi wanaokaa chini ya lenta.

Sasa usije ukadhani nakupigia debe la ushujaa. Nataka uone bei kabla hujanunua. Marehemu Mzee Ali Hassan Mwinyi alijiuzulu uwaziri wa mambo ya ndani mwaka 1977, baada ya watu kufia mikononi mwa vyombo vya dola kule Shinyanga. Hakuua yeye, wala hakuwepo. Alisema dhamana ni yake, akatoka. Miaka minane baadaye, 1985, ndiye akawa Rais. Hadithi hii inapendwa sana kwenye semina za maadili, na mimi naipenda, tena marehemu baba yangu, balozi wa nyumba kumi, alikuwa akitusimulia huku akiunganisha na ile ahadi ya TANU: cheo ni dhamana. Lakini semina hazimtaji David Munyakei. Huyu alikuwa karani tu wa Benki Kuu ya Kenya, miaka ya mwanzo ya tisini. Aliona malipo ya Goldenberg, ile kashfa ya fedha za umma kulipwa kwa dhahabu hewa iliyodaiwa kuuzwa nje, yanavyopita mezani kwake, akatoa nyaraka zikawafikia wabunge. Akakamatwa, akashitakiwa, akapoteza kazi. Kesi ilimwachia huru, kazi haikurudi. Alifariki 2006, maskini. Mmoja alikuwa waziri, mwingine karani, na wote wawili walifanya jambo la heshima. Ukiamua kusimama, jiandae kwa ya Munyakei. Ya Mwinyi ikija, ni bahati yako.

Yangu mimi ilikuwa katikati. Mzabuni hakulipwa kwa fomu yenye maandishi yale. Mhasibu aliikataa, na yule mhasibu simjui hata kwa sura lakini namwombea. Nondo zikarudishwa, zikaja za milimita 12, nikazipima tena, safari hii mzee mwenyekiti mwenyewe ndiye aliyeshika mizani. Madarasa yale yamesimama kwa nondo halali. Siku ya uzinduzi waliotajwa walitajwa, sikuwemo, na sidai. Ninapopita barabara ile nayatazama na najua nililolifanya. Hilo halina wa kuninyang'anya.

Muhula haujaisha, barua ikaja. Nimehamishwa "kwa manufaa ya umma." Kituo kipya ni kule ambako mtandao unapatikana ukipanda kwenye kichuguu. Sikuitiwa kikao cha kuniaga. Rafiki yangu wa kupika pamoja siku ninafunga vyombo alikuwa na "dharura ya mtoto". Nimesamehe, nasema nimesamehe kila mara, lakini mnaona bado nalitaja. Mkuu wa shule nilisikia naye kahamishwa, sijui kwa manufaa ya nani. Serikali ina posho ya usumbufu kwa mtumishi anayehamishwa. Niliposoma jina hilo kwenye fomu nilicheka peke yangu, maana msumbufu ndilo jina nililoondoka nalo pale shuleni.

Basi ushauri wenyewe, mwalimu, huu hapa, siyo mrefu.

Pima kwanza. Usiseme "nahisi", usiseme "nasikia". Ningesimama kwenye kile kikao na hisia zangu wangenimaliza. Nilisimama na kilo. Kama ni saruji, hesabu mifuko na usome tarehe. Kama ni mbao, beba futi. Kama ni bati, soma geji yake. Mtu anayeogopa akiwa na namba mkononi hofu inapungua kidogo. Haiishi.

Andika. Aliyekuagiza usaini anakuagiza kwa mdomo, na mdomo hauachi alama. Siku wakaguzi wakija, au TAKUKURU, taasisi ya kupambana na rushwa, kinachosomwa ni karatasi, na kwenye karatasi uko wewe. Kuna kifungu cha 22 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya 2007, kinahusu nyaraka za uongo za kumdanganya mwajiri. Kisome kabla hujashika kalamu. Namba ya TAKUKURU ni 113, haina malipo, na tangu 2015 tuna sheria ya kuwalinda watoa taarifa na mashahidi. Inamlinda aliyepeleka taarifa kwenye mamlaka husika, kwa hiyo usikimbilie kuirusha kwenye magrupu ya WhatsApp ukadhani umetoa taarifa. Hapo umetoa umbea.

Sema kwa adabu. Shikamoo yako itoe, chai yao inywe, na "hapana" yako iandike. Vyote vitatu vinakaa pamoja, nimevikalisha mimi. Ukifoka watakushitakia ufokaji na nondo zitasahaulika.

Na punguza mikopo. Hili walimu hamtalipenda. Usiku ule kabla ya kikao sikuwaza wanafunzi, niliwaza makato. Niliwaza mshahara ukisimama mwezi mmoja benki watafanya nini. Mwalimu aliyebakiwa na theluthi ya mshahara ana mabosi wawili, na wa pili hana huruma. Tunajiuliza kwa nini watumishi tumekuwa waoga wakati wazazi wetu waliimba "nitasema kweli daima, fitina kwangu mwiko" wakiwa hata viatu hawana. Sehemu ya jibu iko kwenye hati ya mshahara, mstari wa makato. Watumishi wenzangu, tunauza ulimi kwa mkopo wa pikipiki! Tunajengewa hofu kwa mkono wetu wenyewe, tunaisaini kila mwezi, halafu tukifika kwenye fomu ya mapokezi tunashangaa kwa nini kalamu haikatai.

Ukiambiwa "saini tu, tutarekebisha baadaye", uliza baadaye ni tarehe ngapi, na hiyo tarehe iandike kwenye fomu mbele yao.

Kuhusu wanaoniuliza kila nikigusia habari hii kama fedha zangu za uhamisho nililipwa: bado. Mara ya mwisho nilipofuatilia wilayani niliambiwa madai yako kwenye uhakiki.