Abiria wa bodaboda kavunjika mguu: msimbo upi?

Dada, unasema msimamizi kakurudishia faili la abiria wa bodaboda aliyegongwa na gari dogo akavunjika muundi, nawe ulijaza V23.5 tu, msimbo wa ICD-10, yaani orodha ya kimataifa ya misimbo ya magonjwa, majeraha na ajali. Yuko sahihi. V23.5 inaeleza ajali, haielezi jeraha. Tanguliza S82.2, mvunjiko wa muundi sehemu ya katikati. Kama kuna kidonda kilichofika kwenye mfupa, ongeza 1 mwishoni. Ndipo V23.5 ifuate. Hiyo 5 ni abiria kwenye ajali ya barabarani; angekuwa dereva ungeandika 4.

Shida kubwa iko kwa madaktari wetu: wanaandika “RTA” (ajali ya barabarani) basi, mgonjwa anaishia V89.2 pamoja na wote wasiojulikana walipanda nini. Tazama PF3, ile fomu ya polisi ya majeruhi, au mfuate daktari wodini kabla mgonjwa hajaruhusiwa. Usikisie.

Bajaji usiiweke kwenye pikipiki, ina V30 hadi V39. Mtembea kwa miguu ni V01 hadi V09. Na ile misimbo mirefu yenye herufi A mwishoni unayoikuta mtandaoni ni ya Marekani. Achana nayo; sisi tunatumia ICD-10 ya WHO, Shirika la Afya Duniani.