Mutoto wa miaka 4: maternele ama unga?

SWALI: Niko Katuba, Lubumbashi. Bwana anasema maternele ni ya batoto ba matajiri, tungojee primere ya leta yenye iko bure tangu 2019, franka tununue unga. Ni kweli?

JIBU: Mama, unga kwanza, apo bwana hajakosa, mutoto wa njaa hashike kitu. Lakini kungojea tu, hapana! Ubongo unajijengaka sana mu miaka ya kwanza. Kule Ypsilanti, Marekani, kuanzia 1962 balifatilia batoto 123 ba familia maskini, karibu nusu bakapelekwa maternele, mwalimu alikuwa anaenda mpaka ku nyumba kuongea na mama, na bale ba maternele bakifika miaka 40 balikuwa banapata makuta kuliko benzabo. Minerval (franka ya masomo) ikikushinda, ongea na mutoto, muhesabie nyanya ku soko, na baba naye (ee, baba!) amuhadisie mangaribi.