Kabla ya Kupanda Mkoko, Yasome Maji

Mwaka wa kwanza tulivuka kwenda Kitunda na viroba vitatu vya mbegu za mkoko, zile ndefu zinazoota zikiwa bado mtini. Tukazichomeka kwenye tope tupu upande wa baharini, mistari imenyooka kama mkonge wa Kikwetu, tukapiga picha, tukarudi Lindi mjini tumeridhika. Kusi ilipoanza kuvuma, mawimbi yaling'oa karibu zote. Tukarudia palepale. Zikang'oka tena.

Bibi mmoja aliyetoka kuokota chaza akasimama kututazama. Tulimpa shikamoo, akaitikia, kisha akauliza: "Wajukuu, hapo mliwahi kuuona mkoko?" Hatukuwahi. "Basi mkoko una akili kuwashinda."

Kwa hiyo mkitaka kujitolea kwenye maingilio ya mto Lukuledi, miche iacheni kwanza. Nendeni siku ya bamvua, maji yanapojaa na kupwa kupita kawaida, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, mtazame maji yanafika wapi na yanatokaje. Maji mafu, yanayojaa na kupwa kidogo tu, yatawadanganya. Kila mti wa jamii ya mikoko una maji yake: mlilana husimama mbele kabisa, mkoko wenyewe hushika vijito, mkandaa hukaa nyuma, na mchu huvumilia hata kule juu kwenye chumvi kali. Mkikuta uwanda mtupu katikati ya mikoko, tafuteni kilichozuia maji.

Kwetu lilikuwa tuta la shamba la chumvi lililoachwa. Bamvua kubwa ilipita juu yake, halafu maji yakakosa pa kutokea, yakakaukia humo na chumvi ikazidi. Ardhi imepasuka, hata tundu la kaa huoni. Tulianza na mwenye shamba, tukaenda serikali ya kijiji, kisha TFS, Wakala wa Huduma za Misitu, maana mikoko ni msitu wa hifadhi na nia njema si kibali. Huko kulituchosha kuliko sururu. Kulikata tuta sehemu mbili, pale kijito cha zamani kilipoacha alama nyeusi, kulikuwa kazi ya siku mbili tu. Hatukupanda kitu.

Kaa walitangulia kurudi. Baadaye, kwenye ukingo wa kijito, nikaona mche wa mchu umesimama na majani mawili manene, ganda la mbegu bado limening'inia. Maji yameuleta yenyewe. Mfadhili anayehesabu miche hatafurahi, wala tuta lililokatwa halina picha nzuri.

Vaeni raba za kufunga kamba, maana mabuti hubaki topeni, na mizizi ya mchu huchomoza kama penseli. Saa ya kukutana pangeni kwa maji: kupwa husogea kama dakika 50 kila siku, kwa hiyo ile "Jumamosi saa mbili" ya WhatsApp itawakutanisha na bahari imejaa.

Mwaka huu tutachomeka mkandaa kidogo, kwenye kona ambayo mkondo haufikishi mbegu. Bibi amekubali kuja kutuonyesha mahali, ila tusikanyage njia yake ya chaza.