Iowa: mahindi hadi upeo wa macho

Wiki hii najibu maswali kuhusu Iowa, jimbo la mahindi katikati ya Marekani.

Kwenye picha za angani, mashamba ya Iowa yamekaa kama daftari la hesabu. Nani aliyapima hivyo? (Msomaji, Kitale)

Sheria ya mwaka 1785. Iliagiza ardhi ya serikali ipimwe kabla ya kuuzwa, miraba ya maili moja kila upande, yaani ekari 640. Barabara za kokoto zikafuata mipaka hiyo. Kila familia ikajenga kwenye shamba lake, kwa hiyo jirani yuko mbali.

Mahindi yote hayo wanakula? (Msomaji, Iringa)

Kidogo sana. Ni ya njano, huachwa yakaukie shambani mpaka Septemba au Oktoba. Mengi ni lishe ya mifugo (jimbo lina watu milioni 3 na kidogo, nguruwe zaidi ya milioni 20), na mengi mno huchachushwa yakawa ethanoli ya kuchanganya na petroli.

Ni kweli wanafunzi huajiriwa kung'oa maua ya mahindi?

Kweli, kila Julai. Shamba la mbegu chotara lina mistari ya dume na ya jike, na mbelewele za mistari ya jike lazima ziondoke kabla hazijamwaga chavua. Mashine hupita kwanza. Zinazobaki hung'olewa kwa mkono. Vijana huingia asubuhi mapema, umande ukiwa bado unachuruzika, wengine wamejivika mifuko ya taka ili wasilowe. Jua likipanda, mifuko huvuliwa lakini mikono mirefu na glavu hubaki, maana jani la mhindi hukata. Aliyewahi kupita katikati ya mahindi marefu anaujua mwasho huo. Kwa wengi ndio mshahara wa kwanza.

Kabla ya mahindi kulikuwa na nini? (Msomaji, Bukavu)

Nyasi, nyingine ndefu kumpita mtu. Mizizi yake, kwa maelfu ya miaka, ndiyo iliyotengeneza udongo mweusi wa Iowa. Plau ikaja, na leo haijabaki hata moja kwa mia ya mbuga hiyo. Inaniuma.

Na ilikuwa na wenyewe. Wameskwaki, kabila la wenyeji wa asili, waliondolewa na serikali miaka ya 1840 wakapelekwa Kansas. Baadhi walirudi, na mwaka 1857 wakanunua ekari 80 karibu na mji wa Tama, Iowa, kwa fedha zao wenyewe. Wameendelea kununua kipande kwa kipande. Sasa wana zaidi ya ekari 8,000.